Ndege Anayeifuata Mvua

Mwanangu, nipishe nikae hapa kitandani kwako. Nimechoka kutembea kati ya dirisha na mlango, na wewe tangu asubuhi hujaiweka chini hiyo simu.

Nakumbuka alasiri moja ya joto, nikiwa na umri wako. Nilikuwa fundi cherehani kule Fordsburg, katika duka la vitambaa la Mama Savita, Mhindi aliyezaliwa Tanga, ndiyo maana tulielewana kwa Kiswahili. Mawingu yalikuwa yametanda na mvua haitaki kunyesha. Unaijua Joburg kabla ya radi, mtu hatulii hata kwenye kiti chake. Nyuma ya duka ndege alikuwa analia mtini, mweusi mgongoni, mweupe kifuani, na kishungi kichwani. Mama Savita akaacha wateja, akatoka kumsikiliza. Akaniambia kwao India huyo huitwa chatak, na wazee wao husema hanywi maji ya mto wala ya kisima. Hata kiu ikitaka kumuua, hungoja tone la mvua alidake hewani kabla halijagusa ardhi.

Nilimpenda ndege yule papo hapo, nikajiona ni mimi. Nilikuwa namngoja Ilunga, kijana wa kwetu Lubumbashi. Jamaa zake walileta kreti za soda kwa wajomba zangu, na kwetu soda zikishanywewa wewe ni mke wa mtu, hata kama mahari bado na harusi bado. Kila nikimpigia, jibu ni lile lile: "Vumilia kidogo, Béa, ninakuja." Miaka ikapita. Basi likiingia Park Station moyo unaruka. Na shangazi yangu, niliyeishi naye Joubert Park, hakunipa nafasi ya kupumua. Alikuwa amenitafutia shemasi mjane mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto.

"Utamungoja mpaka siku gani?" alikuwa akisema. "Shemasi iko na duka, iko na gari. Unatafuta nini tena, weye?"

Basi siku ile nikamwambia Mama Savita kwa majivuno, "Mimi ndiye chatak, Mama. Maji mengine sinywi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Chatak gani anakaa tawi moja miaka yote hii? Huyu mvua ikiisha hapa hakai kulialia, anaondoka. Wenzake wengine huvuka bahari. Maji ya dimbwi hanywi, kweli, lakini mvua anaifuata mwenyewe. Nenda Lubumbashi, binti, ukaone kama kuna wingu."

Nilikasirika, nikamnunia hadi jioni. Kesho yake nikakata tiketi. Nikavuka Zimbabwe, nikavuka Zambia, nikafika Jumapili na miguu imevimba, watu wanatoka kanisani. Ilunga alikuwa amembeba mtoto, na pua ya mtoto ilikuwa pua yake. Mkewe alinichangamkia, maskini, akanishika mikono yote miwili.

"Weye njo dada yake wa Joburg?" akaniuliza. "Anasemaka sana juu yako."

Nilimwitikia kuwa ndimi, ningesema nini? Nikalia tangu mpaka wa Kasumbalesa hadi ule wa Beitbridge, abiria wenzangu wakidhani nimefiwa. Lakini nilipofika nyumbani nililala usingizi mzima, jambo nililokuwa nimelisahau. Shemasi nilimkataa vilevile, na shangazi akaninunia miezi. Baba yako alikuja baadaye, na nilimtaka mimi mwenyewe.

Kwa hiyo sikuambii umwache huyo wako wa Cape Town anayesema anakuja kila mwezi, wala sikuambii umpokee yeyote anayepiga honi hapo chini. Namna ndege yule anavyokataa maji mengine naipenda mpaka leo. Shika unachokitaka, mwanangu, ila usikingoje umekaa. Kama ni kweli, utamkuta. Kama si kweli, afadhali ujue ukiwa bado na nguvu za kurudi. Kungoja kulinila mimi zaidi kuliko jibu lenyewe.

Haya, kaoge. Basi la Cape Town linaondoka saa kumi na moja, na nguo nimekwisha kuzipanga begini. Mungu akutangulie njiani, mama yangu, na lolote utakalolikuta mlangoni kwake, akupe macho ya kulitazama na miguu ya kunirudia.