Sauti ya Binamu Ilipovuka Ruvuma

Kwetu binamu ni mtani, na mtani hana adabu. Kwenye msiba wa baba yangu, mtoto wa mjomba alijilaza kwenye godoro la marehemu akidai ndio urithi wake, na mimi niliyekuwa nalia nikacheka hadi nikaona haya. Kununa hakuruhusiwi. Kwa hiyo nilipopata akili mnemba ya kuiga sauti za watu, nilijua wa kuanza naye.

Programu yenyewe ni huria. Mtu wa nchi moja aliitengeneza akaiachia dunia, wa nchi nyingine akaifunza Kiswahili, nami nikaipakua kwenye kompyuta ya kibanda changu cha kutengeneza simu, Kitomanga. Hakuna aliyeniuliza nia yangu, na angeuliza ningemdanganya. Nikaipa programu rekodi tatu za binamu huyohuyo wa godoro, ambaye alikuwa ameshaposa, akilalamikia nguruwe pori wanaomaliza muhogo wake. Muda si muda sauti yake ikatamka niliyoandika mimi: kwamba ameghairi kuoa, maana amegundua bibi harusi anakula kuliko yeye.

Nikaitupa kwenye grupu la mabinamu. Wote humo ni watani, wakacheka, na binamu mwenyewe akaapa kwamba atanitangazia kifo.

Lakini mmoja wao akaisambaza, na kufika Ijumaa sauti ilikuwa Msumbiji. Bibi harusi ni mjane wa Milola ambaye baba yake ameshafariki, na walii wake, yaani wa kumwozesha, ni kaka yake anayefanya biashara Pemba ya huko Msumbiji, mtu tusiye na utani naye hata chembe. Akapiga simu: posa imekufa. Binamu, aliyeishi peke yake miaka sita tangu afiwe na mkewe, alikuja kibandani, akakaa juu ya ndoo bila kunitania hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tukamrekodia shemeji huyo wa Pemba maelezo. Binamu alikuwa analia, sauti imemkauka. Jibu likaja haraka: "Hii ndiyo bandia. Ile ya kwanza ndiyo yake, naijua." Nikarekodi mimi na kukiri kila kitu. Akauliza atajuaje kama nami si mashine.

Tukaenda Lindi mjini kwa afisa mmoja mpole wa polisi, tukitaka atuthibitishie kwa barua. Akafungua daftari.

"Mwenye programu nani?"

"Haina mwenyewe, mheshimiwa. Kila aliyenayo ni yake."

"Imetengenezwa wapi?"

"Nchi mbili tatu hivi. Na Kitomanga."

Kalamu ikasimama. Akasema mataifa makubwa yanakaa vikao juu ya mambo hayohayo, na hayajakubaliana nani amkamate nani, wala kosa linahesabiwa limetendeka wapi: ilikotengenezwa, ilikotumiwa au ilikosikika. "Lakini wewe," akaniangalia, "nakuona uko hapahapa." Nikakumbuka ghafla kwamba tuna safari ndefu, tukaaga.

Mwishowe shemeji alikuja mwenyewe, miguu imemvimba kwa safari. Alimkalisha binamu barazani, akamwambia aseme kama bado anamtaka dada yake. Binamu akasema. Shemeji alimkodolea macho mdomoni muda wote, kuhakikisha maneno yanatoka humo, kisha akakubali. Nilifurahi mno. Nikaanza kueleza kanzu nitakayovaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyechaguliwa shahidi wa ndoa.

"Ndoa ipo," shemeji akasema. "Shahidi atafutwe mwingine."

Nikamgeukia binamu anitetee. Nikamkumbusha kwamba ulikuwa utani, na mtani hanuniwi.

"Sijanuna, ndugu yangu," akasema taratibu. "Ila shahidi ni mtu akisema nimesikia, watu wanaamini."

Siku ya ndoa walinipeleka uani kwenye pilau. Programu nilikuwa nimeshaifuta kwenye kompyuta yangu, kazi bure, kwa kuwa mabinamu wawili walishaomba nakala na nilishawapa. Nilikuwa nimeshika mwiko, macho yananiwasha kwa moshi, kipaza sauti kilipoleta sauti ya binamu akisema amekubali kuoa. Mpishi mwenzangu akainua kichwa.

"Huyo ni yeye, au ni wewe tena?"

Uani kote wakacheka. Nilijaribu kucheka nao, nikashindwa.