Kazi Ililala Mikononi Mwangu

Mwaka wa 2012 kikundi chetu cha akina mama hapa Lodwar kilikuwa kikisuka vikapu vya majani ya mti wa mkoma kwa nyumba moja ya wageni kule Eliye, ziwani. Tulichelewa mara mbili. Mwenye nyumba akamtuma dereva atuambie kwamba tukichelewa tena atatafuta wasukaji wengine. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Niliona wenzangu ni wavivu, na niliwaambia hivyo.

Shirika moja likatuletea mwalimu kutoka Kakuma, binti wa Sudan Kusini aliyesomea usimamizi wa miradi hapo hapo kwenye kambi ya wakimbizi. Nilingoja hotuba. Hakutoa. Siku mbili aliketi mchangani akitazama nani anafanya nini na nani anangoja nini. Siku ya tatu akachora kazi yetu kwenye karatasi kubwa, kwa picha, maana wengi wetu hatukusoma: jani, sufuria ya rangi, kitako cha kikapu, ubavu, mshikio, gari. Akaitandika chini, akatuomba kila mmoja aweke kokoto mahali anapoona kazi inalala.

Kokoto zote zikaenda kwenye kitako.

Vitako nilikuwa naanza mimi. Kwetu mkubwa ndiye huanza. Mama mkwe alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo. Wenzangu wakatazama miguu yao. Mke mwenzangu peke yake ndiye aliyecheka.

“Sisi tulijua siku nyingi,” akasema. “Nani angekuambia, na huo mdomo wako?”

Nilimuuliza mwalimu kama ananiita mvivu.

“Hapana, mama. Unafanya kazi kuliko wote. Ndiyo maana wote wanakungoja.”

Nimekosolewa na watu wengi maishani. Huyo ndiye wa kwanza aliyenionyesha kosa langu bila kunivunjia heshima, na hiyo elimu yake naiheshimu mpaka leo.

Nikawafundisha watatu kuanza vitako, mke mwenzangu akiwemo. Vilivyolegea nilivifumua bila huruma. Kila asubuhi tulisimama kidogo mbele ya ile karatasi, tukasema kazi imelala wapi, tukaenda kuiamsha.

Gari lilipofika tulikuwa tumekaa kivulini tunakunywa chai. Dereva akadhani hatujamaliza, mpaka alipoona vikapu vimefungwa tayari. Akapakia, akasema mwenye nyumba sasa anataka vingine, vikubwa zaidi. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua jani. Nikaurudisha, nikawauliza wenzangu vitako vya namna hiyo nani ataanza.