Odete Agoma Kupinda Kanga

Mtaa mzima wa Chuno ulijua kwamba Odete hapindi tena kanga za kile kiwanda cha Dar es Salaam. Miaka kumi na tisa alikaa barazani na cherehani yake, wateja wanaleta doti, yeye anakata na kupinda. Lakini mdogo wake Nilza na wenzake walifukuzwa kiwandani hapo kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi, na chama kikaomba watu wasusie kanga zake mpaka warudishwe kazini. Tangu hapo Odete alitazama kwanza ukingo wa kitambaa. Akikuta jina la kiwanda, anakurudishia doti yako. Wengine walimwona kichaa. Shauri yao.

Balaa lilikuja msimu wa unyago. Binti yake Graca alikuwa ndani na wenzake wanane, na akina mama wakachagua sare ya siku ya kutoka bila kumuuliza Odete. Farida, kungwi wao, akamletea furushi apinde. Kanga nyekundu, zinapendeza kweli, na jina la kiwanda liko palepale ukingoni.

"Mama Graca, kata huo ukingo, yaishe. Nani atajua?"

"Kungwi, hizi mdogo wangu ndiye aliyekuwa anazichapa, kutwa kasimama. Sipindi."

"Na kuvaa?"

"Sivai."

"Mila unaijua. Asiye na sare hamfuniki mwali. Mwanao atafunikwa na mama wa mwenzake."

Hilo lilimchoma. Kufunikwa kanga na mama yako mbele za watu ndiko kutoka kwenyewe, na Odete alifunikwa hivyo na marehemu mama yake kule kijijini Kilambo. Alilia, asikwambie mtu. Kisha akafua kanga yake ya zamani, ya kijani, akaipiga pasi.

Asubuhi ya siku yenyewe wanawali wakatoka wameinamisha vichwa. Wanawake wote walivaa nyekundu, Odete peke yake na kijani chake kilichopauka. Jirani mmoja akakunjua kanga mpya amfunike Graca. Odete akapenya katikati yao, akajitandua ile ya kwake, akamfunika mwanawe.

"Asiye na sare atoke uwanjani," Farida akasema.

"Natoka, kungwi. Ila natoka na mwali wangu."

Mwali haruhusiwi kusema neno siku hiyo, na Graca hakusema. Aliikaza kanga ya mama yake chini ya kidevu, akatangulia yeye kutoka.