Mama Mkwe na Chupa za Udongo

Mtaani walimwita Bi Matope, naye hakununa, maana matope ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa fundi wa maabara ya udongo, kazi yake kulea vijidudu vinavyoozesha majani na kuachia naitrojeni, chakula cha mimea. Alipenda kusema vijidudu hivyo ni kama wanaume wa ukoo wa mumewe: kwenye baridi vinalala, koo likikauka vinalala, ila vipe joto na kinywaji kidogo, vitachapa kazi hadi ushangae.

Kabati la joto la maabara lilipoharibika, alizihamishia chupa zake za udongo nyumbani, akazipanga kwenye rafu juu ya jiko. Kisha akasafiri kuchukua udongo mwingine mashambani, akiagiza zisiguswe.

Agizo hilo lilimwingia mama mkwe sikio hili likatokea lile. Mama huyo alikuja kusalimia tu, sasa alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia nguo.

Bi Matope aliporudi, jiko lilinuka mayai viza. Chupa zote zilikuwa zimejaa maji hadi shingoni.

"Mama! Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Udongo ulikuwa na kiu, wewe umeutelekeza kama yatima."

"Unyevu kidogo ndio walioutaka! Umewazamisha wadudu wangu. Wakikosa hewa, naitrojeni wanaigeuza gesi, inapotelea angani!"

Mama mkwe alitafakari. "Kumbe wanajamba?"

Bi Matope alitaka kufoka, kicheko kikamponyoka. "Ndiyo, mama. Wamejamba mbolea yote."

Kesho yake mkuu wake hakucheka. Kazi ianze upya, alisema, na kabati bado bovu. Bi Matope alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi nyumbani na udongo mwingine.

Mama mkwe hakuomba radhi. Hakuwa na mazoea hayo. Alivuta kigoda tu, akasema, "Nifundishe."

Akafundishwa kupima chupa kwenye mizani na kurudishia matone yaliyokauka, basi. Akawa mkali kuliko askari wa gereza. Mwanawe akifungua dirisha, anafokewa, "Funga! Unawapiga baridi wenzio!"

Safari hii udongo wa rafuni ulitoa naitrojeni tele. Ule uliowekwa kwenye friji kwa kulinganisha haukutoa hata ya kuonjea. Siku chupa ziliporudishwa maabara, mama mkwe alivaa viatu vyake vya heshima, akapakata sanduku la chupa njia nzima, na mkuu aliponyoosha mikono kulipokea, akamwambia anawe kwanza.