Herufi Zilipoishia Z

Naona aibu hata kuanza, maana mpaka leo nikipita Mkonze ule ukumbi nauzungukia kwa nyuma kama mtu aliyeiba viti vyake.

Miaka ile ofisi zilikuwa zikiuza kompyuta chakavu kwa bei ya kutupa, na mimi, niliyeacha shule mapema na kushuka Dodoma kwenye treni kwa sababu tu nilichoka kukaa, nikafungua kibanda cha kuhamishia kanda za video kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja, lakini diski nilizookoteza zilikuwa nyingi mno, nyingine zinaning'inia nje ya kasha kwa kamba za viatu (msicheke, zilikuwa zinapata hewa), na kila diski nimeigawa vipande, na kila kipande kinadai herufi yake, C, D, E, mpaka siku moja nikafika Z na mashine ikagoma kunipa nyingine. Mwenye akili angechomoa diski moja ya miziki. Mimi nikachokonoa mpaka nikagundua kwamba diski isiyo na herufi unaweza kuifungulia mlango ndani ya diski nyingine, ikaonekana kama folda ya kawaida. Siku nzima nilitembea mtaani najiona profesa.

Humo ndimo nilimohifadhi nasaha za marehemu mume wa Mama Zulfa, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kondoa. Mzee alirekodiwa akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake maneno ya siku ya kuagwa kwenda kwa mumewe. Mama alinikabidhi kanda akasema, "Fundi, sauti yake imebaki hapa tu." Nikamjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, kompyuta haisahau." Na kanda ile ile (Mungu anisamehe) nikairekodia mpira.

Asubuhi ya sherehe nikataka mambo yawe safi. Hatimaye nikachomoa diski moja ya miziki, herufi M ikabaki wazi, nikaipa ile diski ya mzee. Basi ile folda nikaona sasa ni mlango wa ziada tu, nikaufuta moja kwa moja, bila kuupitisha kwenye lile pipa la taka la kompyuta. Ulichukua muda mrefu kufutika kuliko mlango unavyostahili. Nikaenda kunywa chai.

Ukumbini nikaunganisha mashine na televisheni kubwa ya kukodi, kila ninachobofya watu wote wanakiona. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa tumsikilize baba wa bibi harusi!" Vigelegele. Nikafungua M. Nyeupe, kama sahani iliyooshwa.

"Fundi, jaribu A basi!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku jasho likinitiririka, nikafungua N, nikafungua P, watu wanasoma majina ya harusi za wenzao, mpaka kwenye R nikaona faili limeandikwa "Nasaha za Baba", nikalibofya bila kufikiri. Akatokea mzee mwenye kipara ambaye hata mimi simjui, akasema, "Mwanangu Rehema, mumeo akichelewa kurudi usimpokee kwa maswali..."

Nyuma wakaangua kicheko. Kisha Mama Zulfa akasimama, na kicheko kikakatika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi nilipofuta mlango nilifuta na kila kilichokuwa nyuma yake. "Mama," nikasema, "haipo." Akaniuliza, "Haipo hapa, au haipo kabisa?" Nikainamisha kichwa. Hakunitukana. Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, akakaa.

Zulfa ndiye aliyekuja mpaka kwenye meza yangu, mikono imejaa hina. Akasema polepole, "Kaka, picha imepotea, sawa. Lakini wewe si ulimsikia? Baba alisemaje?"

Jamani. Siku nilipohamisha kanda ile nilikuwa nimezima sauti, nisikilize redio, macho kwenye ule mstari unaoonyesha kazi imefika wapi.

"Alikuombea heri," nikamwambia.

Akanitazama usoni, akajua. Akarudi kukaa pembeni ya mama yake.

Tangu siku hiyo sijapokea kanda ya mtu bila kuisikiliza mpaka mwisho, sauti juu, hata za vikao vya ukoo vinavyochosha. Nimesikia maneno ya wazee wengi sana. Ya mzee yule tu ndiyo sitayasikia.