Filamu Yetu Iliyomezwa na Upepo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilikuwa nang'oa maharage kwenye shamba la baba hapa Bukiriro, nikamwona Bibi Skolastika anapandisha kilima kuja kwangu. Alikuwa jirani yetu, mama wa umri wa kumzaa baba yangu, mwembamba, na akitembea utadhani kuna mtu anamfukuza. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku bado anahema, kisha akauliza, "Filamu iko wapi?"

Umekuja kuniuliza ununue kamera gani, nami nitakujibu. Lakini kaa kwanza nikusimulie ya Bibi Skolastika, maana jibu langu limo humo humo.

Enzi hizo filamu kwetu ilikuwa kitu kinachokuja kwenye kanda kutoka mbali. Inaingizwa kwenye deki pale senta, watu wanabanana kwenye mabenchi na kutazama Wahindi na Wachina. Hakuna aliyewaza kwamba mtu wa Bukiriro anaweza kutokea mle ndani. Sisi vijana wa kwaya ya kigango ndio tuliowaza. Tulikuwa na mwenzetu, Fidelisi, aliyepiga picha za harusi. Alikuwa na kamera ya kubeba begani, nzito kama mtungi, imefungwa kwa gundi pembeni. Hadithi niliitunga mimi, na waigizaji tukawapata hapa hapa kijijini. Kilichobaki kilikuwa kuanza, na kuanza ndiko kulikotushinda.

"Tunasubiri kamera nzuri, Bibi," nikamwambia. "Kuna mtu wa Mwanza ameahidi kutuazima. Hii ya Fidelisi imechakaa."

"Kwani haioni?"

"Inaona, ila..."

"Kama inaona, mimi nataka kuonwa. Maneno yangu nimeyashika yote. Nayasema nikimenya ndizi, nayasema nikikata majani ya mbuzi, mpaka wajukuu wanafikiri nimepandwa na mashetani. Ninyi mna muda wa kusubiri mtu wa Mwanza. Mimi sina."

Akainama akaanza kung'oa maharage pamoja nami. Nilicheka, mwanangu, lakini maneno yake yalinichoma. Jioni ile ile nilikwenda kwa Fidelisi nikamwambia tunaanza.

Sasa nikwambie hadithi yenyewe ilihusu nini. Ilihusu mama aliyefiwa na mume, na shemeji yake akataka kumnyang'anya shamba la migomba. Mama mkwe anakaa kimya muda mrefu, mwisho anasimama dhidi ya mwanawe wa kumzaa. Kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji, naye anaamua shamba ni la mjane na wanawe. Mjane nilimwigiza mimi. Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu nilikuwa mjane kweli. Niliolewa Nyamigogo, upande wa Biharamulo, mume wangu akafa kwa homa, ndugu zake wakanirudisha kwetu na watoto wawili na godoro. Katika filamu nilijipa tu mwisho ambao sikuupata.

Baba hakuipenda kazi ile hata kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu niliporudi hakuwahi kuniuliza lililotokea Nyamigogo. Alinionyesha chumba, akanipa jembe, basi. Aliposikia habari ya filamu alisema, "Unataka watu wakuseme upya?" Lakini mazoezi tuliyafanyia uani kwake, kwa sababu ndio uliokuwa uwanja mpana, naye kila tulipoanza aliingia ndani na kurudishia mlango.

Tulipiga picha kiangazi chote, na ninavyokumbuka sijawahi kucheka vile maishani. Hatukuwa na stendi ya kamera. Tulifunga miti mitatu ya mikaratusi kwa mpira wa tairi, ikasimama imara kuliko ya dukani. Tulipotaka kamera itembee, Fidelisi alipakiwa kwenye toroli na Leonsi, fundi wa matofali aliyeigiza shemeji, akamsukuma taratibu kwenye majani. Siku moja toroli liliteleza, Fidelisi akaanguka mgongoni huku ameikumbatia kamera kifuani kama mtoto mchanga. Nyuso zetu tuliziangaza kwa shuka jeupe lililotandazwa juani, na mahali penye giza tulisimamisha bati jipya likatupia mwanga ndani ya nyumba. Betri tulichaji kwenye jenereta ya parokia, kwa hisani ya padre.

Na Leonsi! Mtu mpole ajabu, lakini aliigiza ukatili mpaka mama mmoja aliyepita na kuni akatua mzigo na kumwendea na fimbo. Ilibidi tumshike.

Kitu kimoja tu hatukukifanya: hatukusikiliza. Kamera ile ilikuwa na kitundu cha kuchungulia, tukirudisha kanda tunaona picha, tunapiga makofi, tunasonga mbele. Spika za kuvaa masikioni hatukuwa nazo, na hakuna aliyeona kwamba ni upungufu. Tulikuwa tunapiga picha juu ya kilima kwa sababu ya uzuri wa bonde. Unaujua upepo wa kiangazi wa vilima vyetu.

Fidelisi alikuwa na binamu yake aliyeishi Runazi, mwenye duka dogo na deki mbili alizozitumia kuunganisha kanda za harusi. Tulikwenda huko tukiwa na kanda zetu kwenye mfuko wa sukari. Akaweka ya kwanza. Picha ikatokea, safi, mgomba unaonekana jani kwa jani. Mimi nafungua mdomo, na badala ya maneno inatoka hhhuuuuu, kama mtu anapepeta mahindi sikioni mwako. Akaweka ya pili. Ile ile. Maneno yalisikika kwenye picha za ndani ya nyumba tu, tena kwa mbali.

Binamu yake Fidelisi akazima, akanitazama kwa huruma. "Dada, hapa mmetengeneza filamu ya upepo."

Kurudia hakukuwezekana. Fidelisi alikuwa ameshafungwa na harusi za msimu mzima, na tangazo la kuonyesha lilikuwa limesomwa kanisani baada ya misa. Tukaunganisha picha hivyo hivyo, tukarudi. Nilikuwa naona jinsi watu watakavyotoka wakiguna, na jinsi baba atakavyonyamaza, kule kunyamaza kwake.

Jumapili mchana ukumbi wa kigango ulijaa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukaweka televisheni ya padre juu ya meza mbili. Watoto wamekaa chini, wazee mbele, wengine wamesimama mpaka nje. Bibi Skolastika alikaa benchi la kwanza, amevaa kitenge kipya na kilemba. Baba sikumwona.

Picha ilipoanza watu walishangilia. "Yule Leonsi! Mbuzi wangu yule!" Kisha tukafika juu ya kilima, upepo ukaanza. Midomo inacheza, maneno hakuna. Kelele za furaha zikapungua. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Fungueni sauti!" Fidelisi akazungusha kitufe, upepo ukazidi. Nikasimama niende kuzima.

Kabla sijafika, Bibi Skolastika akajiona. Pale kwenye kioo alikuwa ananyoosha kidole na kufumbua mdomo. Naye akiwa amekaa vile vile kwenye benchi, akanyoosha kidole na kusema maneno yake kwa nguvu zote. Na hakuyasema kwa Kiswahili kama tulivyomfundisha. Aliyasema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwa namna alivyowagombeza watoto wake maisha yake yote.

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alivua kofia akaipunga.

Leonsi alikuwa nyuma. Alipoona mdomo wake umeanza kusogea, akasimama, akafoka jibu la shemeji, naye kwa Kihangaza. Nikaelewa. Nikageuka, nikasimama kando ya televisheni, nikawa mjane. Fidelisi akapunguza upepo mpaka mwisho. Tukaendelea hivyo, sisi tunasema huku, picha zetu zinafumba na kufumbua kule. Pengine tuliwahi, pengine tulichelewa. Kuna mahali Leonsi alimaliza kutukana wakati sura yake ndiyo kwanza inaanza, akaona aibu, akatukana tena upya. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tukafika kwenye kesi. Pale nilikumbuka jambo: aliyeigiza mwenyekiti, Deogratias, alikuwa amekwenda msibani Rulenge. Sura yake ikatokea, kubwa, mdomo ukaanza kusema, na hapakuwa na mtu wa kuusemea. Nilijua maneno yake, niliyatunga mimi, lakini mjane hawezi kujihukumia kesi yake mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Shamba hili ni la mama huyu na watoto wake. Alililima na mumewe, atakula matunda yake. Atakayemgusa, amenigusa mimi."

Alikuwa baba. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti na koti lake la kanisani, nusu nje nusu ndani. Aliyasema yote, neno kwa neno, na hakuitazama televisheni. Alinitazama mimi. Kumbe mlango ule aliokuwa anarudishia wakati wa mazoezi, alikuwa anakaa nyuma yake.

Sikuweza kusema maneno yangu yaliyofuata. Bibi Skolastika aliyasema kwa niaba yangu, akaongeza na yake, na hakuna aliyelalamika.

Walituomba turudie, tukarudia mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Baadaye tulialikwa Runazi, tukaenda kundi zima, tukasimama kando ya televisheni tukasema tena, kule watu wakachangia hata majibu ambayo hayakuwemo. Na baba, bila hotuba, aliwaita ndugu zake na majirani wiki iliyofuata, akakata sehemu ya shamba lake, akapanda mimea ya mpaka, akasema hapa ni pa binti yangu Evodia. Ndipo ninapoishi. Ndizi ulizokula mchana ni za hapo.

Bibi Skolastika alijiona mara nyingi kabla hajafariki. Kila alipotembelewa na wageni aliwauliza, "Mmeniona?"

Sasa swali lako. Unasema una simu nzuri lakini rafiki zako wanakuambia bila kamera kubwa mtachekwa. Mwanangu, simu hiyo inaona kuliko kamera ya Fidelisi mara nyingi sana. Ifute kioo cha kamera kwa kitambaa laini kabla ya kila picha, ilaze kwa upana, na usiivute picha kwa vidole. Sogea wewe kwa miguu yako. Ukipata cha kununua, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye manyoya ya kuzuia upepo. Hiyo ndiyo ya kwanza. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, lakini asichokisikia humchosha mara moja. Ukishindwa kupata maiki, chukua simu ya pili, mwekee mwigizaji mfukoni irekodi sauti peke yake, mtakuja kuziunganisha. Na usiondoke mahali kabla hujasikiliza ulichopata. Sikiliza kwa masikio yote mawili, mwanzo hadi mwisho.

Stendi tengeneza. Mwanga uombe kwa jua la asubuhi na la jioni, la mchana linawatia watu mashimo machoni. Hiyo ndege ndogo ya kupigia picha angani iache, hakuna mtu aliyelia kwa kuona mapaa ya nyumba. Uwe na pawabenki, zuia simu za kupigiwa zisiingie, nakili kazi yako mahali pawili siku hiyo hiyo. Wape waigizaji chakula kabla hawajaona njaa, maana mwenye njaa huigiza hasira hata penye harusi. Waache waseme kwa lugha wanayootea ndoto, maandishi ya Kiswahili utayaweka chini. Na mahali pa watu omba ruhusa, hata kama ni kwa mjomba wako.

Zaidi ya yote, anza. Anza na hadithi inayokuuma au kukufurahisha wewe, ambayo usipoisimulia hakuna mwingine atakayeisimulia. Wazee wa kuigiza wapo leo, nami ni mmoja wao, ukinihitaji nitavaa kilemba. Kitu kikiharibika mbele ya watu, usikimbilie kuzima. Watazame kwanza, huenda wako tayari kukusaidia.

Nenda mwanangu. Mungu akupe jicho tulivu na sikio lililo wazi. Akupe wenzako wanaocheka toroli likianguka. Watu wa kwenu wakuone, wakusikie, na wazazi wako wajivunie jina lako wakiwa hai. Kazi ya mikono yako ibarikiwe. Amina.