Mfalme wa Rege Aliyenitangazia Kifo

Mimi nilishakufa. Nilikufa mwaka 2006, saa nne asubuhi, nikiwa naanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga, na habari za kifo changu nilizisikia mwenyewe redioni.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua mmeshaanza kusema huyu mama kachanganyikiwa.

Naitwa Edina. Kwetu ni kijiji kimoja ukishaipita Liuli, huku mwambao wa Ziwa Nyasa. Siku hiyo redio ilikuwa inamhoji Raimundi. Wa umri wangu mnamjua: Raimundi wa Mbinga, mzee wa gitaa, aliyefanya rege ya Kiswahili ipigwe kwenye kila kilabu cha pombe kuanzia Mkumbi mpaka Kingerikiti. Vijana walikuwa wanamwita Mfalme.

Mtangazaji akamuuliza, "Mfalme, ile sauti ya mwanamke kwenye kanda yako, ile inayomsisimua mtu mwili mzima, ni ya nani?"

Raimundi akashusha pumzi. "Ah, yule alikuwa dada mmoja wa huko ziwani, Edina. Alishatangulia mbele za haki. Mungu amrehemu."

Sinia la usipa likanidondoka.

Nilicheka kwanza. Kweli, nilicheka. Nikamwambia wifi yangu Hilda, "Wifi, umesikia? Nimeshazikwa." Hilda akanifinya shavu, akasema, "Marehemu mwenyewe ananuka samaki."

Lakini mama yangu hakucheka. Mama alikuwa Mbamba Bay sokoni tangu jana yake, na redio ileile ilikuwa inalia kwenye kibanda cha muuza vitenge. Alianguka palepale.

Nilipofika hospitali mdomo wake ulikuwa umepinda na upande mmoja wote umekufa ganzi. Alinishika mkono, akaupapasa muda mrefu, kama mtu anayepima kama uji umepoa. Alikuwa anahakikisha kama nina joto.

Mama yangu Rosa alilala miaka miwili bila kutamka neno. Kisha tukamzika.

Raimundi hakuja msibani. Hakusahihisha. Nilimwandikia barua mbili, ya pili nikampelekea kwa mkono hadi Mbinga mjini, mkewe akaipokea mlangoni akafunga mlango.

Sasa mtauliza, mtu anamuua mwenzake redioni kwa sababu gani?

Kwa sababu nyimbo zilikuwa zangu.

Rege na soul huku kwetu hazikuletwa na basi la Dar. Zilivuka ziwa. Wavuvi walikuwa wanarudi kutoka Nkhata Bay, ng'ambo Malawi, na kanda zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni zisilowe, na sisi wasichana wa kwaya ya Kianglikana tunazisikiliza mpaka betri zinakufa. Kanisani nilijifunza kushika sauti ya juu bila kutetemeka. Kwenye zile kanda nikajifunza kwamba besi ikitulia, mwimbaji anaweza kulia na watu bado wakacheza. Niliyachanganya hayo mawili kwenye daftari la shule. Nyimbo kumi.

Raimundi alinisikia kwenye harusi ya binamu yake. Yeye ni Mmatengo wa milimani, mtoto wa mkulima wa kahawa, na sitamnyima haki yake: gitaa alilijua. Tukapiga pamoja miaka minne. Mbinga, Songea, Njombe. Mimi naimba, yeye anapiga na kuitikia. Sikilizeni vizuri hapo. Yeye ndiye alikuwa anaitikia.

Mwaka 2004 tukaenda Dar kurekodi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipomaliza akaniambia, "Dada Edina, nenda kajifungue kwa amani. Kanda ikitoka nakuletea mwenyewe."

Kanda ilitoka. Niliiona dukani. Jina lake Karabai, jina la wimbo wangu wa kwanza, na picha ni ya Raimundi peke yake na miwani myeusi. "Nyimbo zote zimetungwa na Raimundi." Sauti yangu walikuwa wameisukuma nyuma, yake mbele. Kwenye orodha ya shukrani alimshukuru hadi dereva wa lori la kahawa. Mimi simo.

Watu wakaanza kuuliza yule mwanamke ni nani. Marehemu haulizwi maswali. Ndiyo maana akaniua.

Basi, miaka ikaenda. Mwaka huu mwezi wa sita tukasikia kuna tamasha la kuwaenzi wakongwe wa soul na rege wa ukanda wetu, Jumamosi mchana, uwanjani Mbamba Bay. Mgeni wa heshima ni Raimundi. Atapewa ngao. Na wakatuma barua kuomba kikundi chetu cha kioda kije kutumbuiza.

Kioda ni ngoma ya kinamama wa ziwani. Vijiji vingine sivisemei, ila kwetu kioda si burudani tu. Mtu akifanya ubaya na hakuna baraza la kumfanya kitu, kinamama wanamwimba. Anatajwa jina na kosa lake hadharani. Akiondoka, amekataa, na atabaki na aibu hiyo mpaka kaburini. Akisimama akacheza, amekiri. Na akishacheza, shauri limekwisha, hakuna wa kumuuliza tena.

Kiongozi wetu ni Mama Albina, bibi wa miaka sabini na kitu. Nilienda kwake na barua mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka kumwimba yule mwanaume."

"Ndiyo mama."

"Miaka yote hii hukuchoka?"

"Sijachoka hata kidogo."

Akaniangalia. "Haya. Tunga."

Nikatunga. Nilimtaja Raimundi, daftari, kanda, redio, na mama yangu kwenye sakafu ya soko. Kwa Kinyasa, ili wenyeji wote waelewe na Mmatengo wa watu abaki anatabasamu. Nilijua atatoka kucheza kwa ujinga, akidhani anasifiwa. Nilikuwa nalala naiona ile picha na usingizi unakuwa mtamu kabisa.

Siku ikafika. Uwanja umejaa. Mshereheshaji, kijana anaitwa Joakim, akasoma maisha ya Mfalme tangu gitaa la kopo hadi majukwaa ya Lilongwe. Akasema hakuna mpiga gitaa wa Mbinga ambaye hakujifunzia kwenye Karabai, na hilo ni kweli. Vijana watatu wakapiga vipande vya nyimbo zangu kwa heshima ya Raimundi, na walipiga vizuri mpaka nikasikia uchungu. Watoto wa watu wanazipenda, hawamjui hata mama aliyezizaa.

Raimundi yuko kiti cha mbele, koti la ngozi jua kali, kofia ya rangi tatu, bintiye Winifrida pembeni.

Tukaitwa. Ngoma ikalia. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza, wenyeji wakanyamaza. Ubeti wa pili, mikono ikaenda midomoni. Nikamtaja kwa jina na kumnyooshea kidole.

Raimundi akasimama. Akavua kofia. Akaja katikati akaanza kucheza.

Nikasema moyoni, ameingia mkenge!

Akacheza mpaka karibu yangu, akainama sikioni kwangu, anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Dada Edina, naona hujafa. Hilda kanieleza kila kitu. Mtu akicheza, yameisha. Si ndiyo mila yenu?"



Hilda? Wifi yangu Hilda, niliyelia naye, niliyepika naye? Nikageuka nikamtafuta kwenye mstari. Alikuwa anapiga makofi, uso mkavu kabisa.

Raimundi amejua. Amecheza kwa kusudi. Amekiri kwa lugha ambayo nusu ya uwanja hawaielewi, na shauri limekwisha. Atapokea ngao yake, atapanda gari. Aliniibia nyimbo, akaniibia uhai, sasa ananiibia na kisasi changu.

Hapo ndipo Hilda alipoinua kidevu na kunielekezea ngoma. Mara moja tu.

Nikakumbuka.

Kuna kipande cha mila sijawaambia, na inaonekana hata Raimundi hakuambiwa. Anayeimbwa akishaingia kucheza, hakai mpaka mwimbaji anyamaze. Akikaa kabla, kukiri kwake hakuhesabiki, na anaondoka kama aliyekataa.

Na mimi nilikuwa bado nina nyimbo kumi.

Nikawageukia kinamama nikasema, "Karabai." Wanazijua zote, tumeziimba miaka mingi tukianika samaki. Ngoma ikashuka mwendo, ikawa nzito. Nikafungua mdomo nikashika ile sauti ya mwanzo, sauti ya juu, ambayo Tanzania nzima inaijua kwenye kanda.

Joakim akaangusha karatasi zake.

"Ni yeye!" mtu akapiga kelele. "Jamani, yule wa kanda ni huyu mama!"

Raimundi akataka kurudi kitini. Wazee wa Liuli wakasimama mbele ya kiti chake. Mmoja akamwambia kwa upole, "Bado baba. Anaimba." Akamweleza kwa Kiswahili, polepole, kanuni iliyobaki. Niliuona uso wa Mfalme ukibadilika rangi. Akarudi akacheza.

Wimbo wa pili. Wa tatu. Umati unaimba na mimi, unacheka, unamrushia maneno. Wa nne akavua koti. Wa tano shati limemganda mgongoni. Ana miaka sitini na tatu huyo mtu. Wa sita akamnyang'anya Joakim kipaza sauti.

"Edina hajafa," akasema, anahema. "Nilidanganya. Nyimbo ni zake. Zote kumi. Nisamehe dada yangu. Inatosha."

Uwanja ukalipuka. Watu walikumbatiana, vijana wale wapiga gitaa wakaja wakapiga magoti mbele yangu. Kila nilichokuwa nakitaka kwa karibu miaka ishirini nilikuwa nimekipata pale, kimesemwa kwa mdomo wake, kwa Kiswahili, kwenye spika.

Nikaenda wimbo wa saba.

Naandika ukweli, kwa hiyo nitauandika wote. Wa saba watu bado walicheka. Wa nane wakaacha. Raimundi alikuwa haendi tena kwa mdundo, anayumba tu. Bintiye Winifrida akatoka mbio, akamshika baba yake kiunoni, akamchezesha ili asianguke. Analia huku anacheza. Ni umri mmoja na binti yangu, yule niliyekuwa na mimba yake Dar.

Mama Albina akanigusa bega. "Edina mwanangu. Inatosha."

Nikamsikia. Koo lilikuwa linawaka kama nimemeza makaa na ladha ya damu nimeshaipata mdomoni. Nikamwona mama yangu ananipapasa mkono. Nikaimba wa tisa. Makofi ya kinamama yalikuwa yamebaki machache. Wa kumi niliuimba karibu peke yangu, Hilda tu ananipigia.

Nilipomaliza hakuna aliyeshangilia. Winifrida akamlaza baba yake chini kwenye nyasi, akamfungua viatu. Ngao ilibaki mezani.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza Hilda kwa sauti ya kukwaruza, "Kwa nini ulimwambia?"

"Asingeingia," akasema. "Alikuja kwa shangazi yangu kuulizia, ana wasiwasi na kioda. Angesikia Kinyasa tu, asingenyanyuka kitini. Nikamwambia namna ya kuingia. Namna ya kutoka hakuniuliza."

Hiyo ni Jumamosi ya wiki tatu zilizopita.

Video mmeiona wengi. Studio moja ya Dar imepiga simu, wanataka nyimbo zote kumi zirekodiwe upya, jina langu kwenye jalada. Redio mbili zinataka mahojiano. Mnalalamika sipokei simu, mnasema umaarufu umenipanda kichwani.

Sipokei kwa sababu siwezi kusema. Niliamka Jumapili sauti haipo. Daktari kanichungulia kooni, kasema nyuzi za sauti zimechanika, ninyamaze miezi mitatu, na kuhusu kuimba tena haniahidi kitu. Ndiyo maana nimeandika. Binti yangu ndiye anayenisahihishia herufi.

Daktari akaniandikia swali kwenye karatasi, nadhani alisahau kwamba yeye anaweza kusema: uliimba nyimbo ngapi? Nikamwonyesha vidole kumi. Akatikisa kichwa. Mimi najua kwamba sita zingetosha. Kwenye wa sita koo lilikuwa bado zima.

Kwa hiyo somo ni hili, wadogo zangu mlioonewa. Dai chako, dai hadharani, usimwonee mtu haya. Lakini kabla hujafungua mdomo, panga utanyamaza wapi, maana ukishaonja utamu wake hutasikia hata mkono wa mama begani.

Mimi mwenyewe somo hilo halijaniingia vizuri. Maana nikifumba macho namwona Mfalme anaingia wimbo wa saba, miguu inagongana, na ninacheka peke yangu kitandani, mdomo wazi, bila sauti yoyote kutoka.